Somo la Lishe: Mahindi Yetu, Protini na Hamu ya Kula

Wakazi wa kaunti, somo la leo linatoka kliniki ya watoto. Mama au nyanya anaketi kwenye benchi, anampakata mtoto, na kabla hajaulizwa lolote anasema: "Daktari, huyu hataki kula." Akiulizwa mtoto hula nini nyumbani, jibu halibadiliki sana, iwe ni Kitale, Kiminini, Kimilili au Webuye. Asubuhi ni uji wa mahindi, mchana ugali na mboga, jioni ugali na mboga, na katikati chai ya rangi. Chakula kipo. Magunia yako stoo. Lakini mtoto anaisukuma sahani.

Wapo wanaosema mtoto anadeka. Wapo wanaosema ni minyoo, na mara nyingine huwa ni minyoo kweli, kwa hivyo dawa ya minyoo isipuuzwe. Lakini kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi sana katika mikutano yetu ya vijijini: aina ya protini iliyo kwenye sahani hubadilisha kemikali za ubongo, na ubongo ndio unaoamua tutakula nini, kiasi gani, na tutajisikiaje baada ya kula. Sisi tunaolima mahindi kuliko karibu kila mtu mwingine nchini tuna sababu ya kulielewa jambo hili vizuri.

Vifungo vya shati

Protini si kitu kimoja. Imeundwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, na mwili hutumia aina 20 kujenga protini zake. Nyingine mwili huzitengeneza wenyewe. Aina 9 hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula, kila siku.

Mfikirie fundi cherehani pale sokoni. Ana kitambaa cha mashati kumi, ana uzi wa mashati kumi, lakini vifungo alivyo navyo vinatosha mashati sita tu. Atamaliza mashati sita. Kitambaa kilichobaki hakimsaidii, kitakaa tu. Mwili nao uko hivyo. Asidi amino moja ikipungua, zile nyingine zilizokuja kwa wingi haziwezi kujenga kinachotakiwa, na mwili huzichoma kama kuni.

Katika mahindi ya kawaida, vifungo vinavyopungua ni viwili: laisini na triptofani. Tupige hesabu kidogo. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 50 za protini kwa siku, na ndani yake miligramu 1,800 hivi za laisini. Akila nusu kilo ya unga wa mahindi kwa siku, ambayo si kidogo, anapata karibu gramu 40 za protini. Ukiangalia namba hiyo peke yake utasema hayuko mbali. Lakini laisini iliyomo ni kama miligramu 1,100 tu, yaani chini ya theluthi mbili ya anachohitaji. Tumbo limejaa, vifungo havijatosha. Sasa ongeza gramu 100 za maharagwe makavu, kama nusu kikombe kabla ya kupikwa. Hayo peke yake yanaleta zaidi ya miligramu 1,400 za laisini. Hesabu inakamilika na kubaki chenji, hata tukikubali kwamba utumbo haunyonyi kila kitu.

Maharagwe nayo yana upungufu wao, wa asidi amino inayoitwa methionini, ambayo mahindi wanayo ya kutosha. Kila mmoja anamfichia mwenzake aibu. Wanaokula githeri hawahitaji kuambiwa hili mara mbili.

Matatu ya kwenda ubongoni

Triptofani ina kazi mbili kubwa mbali na kujenga misuli. Kwanza, ubongo huitumia kutengeneza serotonini, kemikali inayoshiriki katika usingizi, hali ya moyo, jinsi tunavyohisi maumivu, na kujua kwamba tumeshiba. Serotonini nyingi ya mwilini iko utumbonini, lakini ile ya utumbo haiwezi kuingia ubongoni. Ubongo hutengeneza yake wenyewe, na kwa hiyo lazima upelekewe triptofani.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa kama stendi ya matatu ya Kitale jioni. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta, na asidi amino haziwezi kuupita bila kubebwa. Gari linaloibeba triptofani ndilo hilo hilo linalobeba lusini, valini, tairosini na nyingine kadhaa. Viti ni vichache. Triptofani, ambayo hata katika nyama au mayai huwa ndiyo chache kuliko karibu zote, inasimama kwenye foleni pamoja na abiria wengi wenye viwiko.

Mapema miaka ya 1970, watafiti wawili wa Marekani, John Fernstrom na Richard Wurtman, waligundua jambo lililowashangaza wengi. Walipowalisha panya chakula cha wanga, triptofani ubongoni ilipanda, ingawa chakula hicho hakikuwa na triptofani. Sababu ni insulini. Wanga huleta insulini, insulini huwasukuma abiria wengine waingie misulini, foleni inapungua, na triptofani inapata kiti. Panya walipolishwa protini nyingi, foleni ilijaa tena, na serotonini haikupanda. Ndiyo maana watu husema chakula cha wanga kinaleta usingizi. Kwa binadamu, hata hivyo, jambo hili si kubwa kama linavyotangazwa, kwa kuwa protini kidogo tu ndani ya mlo inatosha kulizima. Usingizi wa saa nane mchana baada ya ugali mkubwa una sababu nyingine pia, na mojawapo ni ukubwa wa ugali wenyewe.

Lakini mahindi yana mtego wake. Protini yao ina triptofani chache na lusini nyingi sana. Yaani yanaleta abiria mmoja dhaifu na kundi zima la wale wanaomsukuma. Mwaka 1975 watafiti walichapisha matokeo ya panya waliolishwa chakula cha mahindi kwa muda mrefu: serotonini ubongoni ilishuka, na panya hao wakawa wepesi zaidi kushtuka kwa maumivu. Walipopewa chakula chenye protini kamili, hali yao ilirejea.

Binadamu si panya, na hatutaki msomaji aondoke hapa akidhani kila huzuni inatokana na ugali. Majaribio ya kuwapunguzia watu triptofani kwa saa chache yameonyesha kwamba mtu mzima mwenye afya, asiyewahi kuugua sonona, habadiliki sana. Waliowahi kuugua ndio ambao baadhi yao hali hurudi kuwa mbaya. Kwa hiyo mwenye sonona asitupe dawa zake akakimbilia maharagwe. Ale maharagwe, na dawa aendelee nazo, na kliniki asiikose.

Tairosini nayo, iliyomo kwenye maziwa, samaki, nyama na kunde, ndiyo malighafi ya dopamini. Dopamini ni ile kemikali inayotufanya tutake kitu na kuinuka kukifuata, chakula kikiwa kimojawapo.

Yaliyotokea Malawi

Kazi ya pili ya triptofani ni kuzalisha niasini, moja ya vitamini za kundi B. Mwili unahitaji takriban miligramu 60 za triptofani kutengeneza miligramu 1 ya niasini. Mahindi yana niasini yake, lakini imefungwa, utumbo hauwezi kuipata vizuri. Mtu anayekula mahindi karibu matupu kwa miezi hukosa kotekote, na ugonjwa unaokuja unaitwa pelagra: ngozi inayopigwa na jua huwa nyeusi na kuchubuka, hasa shingoni na mikononi, tumbo linaharisha, na akili inachafuka. Mgonjwa hukasirika ovyo, hukosa usingizi, husahau, na mwishowe huchanganyikiwa. Hamu ya kula hupotea mapema kabisa.

Mtu angedhani hayo ni mambo ya kale. Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, zaidi ya watu 17,000 walipatikana na pelagra. Posho yao ilikuwa unga wa mahindi, na njugu karanga. Mgao wa karanga ulipokatika, unga ukaendelea kuja, na watu wakaendelea kushiba. Ugonjwa ukazuka. Chakula chenyewe hakikupungua sana kwa uzito. Kilichoondoka ni kiganja cha karanga.

Wenyeji wa Mexico, ambako mahindi yalitoka, hawakuugua hivi kwa sababu tangu zamani huyachemsha kwa chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa huifungua ile niasini. Mahindi yalipopelekwa Ulaya, na baadaye Afrika, mbegu ilisafiri lakini maarifa hayo ya jikoni yakabaki nyuma. Hilo ni la kusikitisha kidogo, ukilifikiria.

Kwa nini mmoja anakataa na mwingine anaongeza

Turudi kwa mtoto wetu. Ubongo hauketi tu kungoja asidi amino zifike, unazikagua. Panya akipewa chakula kinachokosa asidi amino moja ya lazima, huanza kukikataa katika muda wa nusu saa hivi. Si kwamba ladha ni mbaya. Sehemu ya mbele ya ubongo, karibu na ile inayoshughulikia harufu, hutambua kwamba kipande fulani kimepungua na kutoa amri ya kuacha kula. Hatuwezi kusema kila mtoto anayesukuma sahani anafanya hivyo hivyo. Ila tunaweza kusema kwamba mwili una njia ya kukataa chakula kisicho kamili, na kwamba kiboko hakiwezi kuifundisha adabu njia hiyo.

Kwa mtu mzima kuna jambo linaloonekana kupingana na hilo. Mwaka 2005 wanasayansi Stephen Simpson na David Raubenheimer walieleza kwamba mwili hutafuta kiasi fulani cha protini, na chakula kikiwa na protini hafifu, mtu huendelea kula ili akifikie. Protini haijakosekana kabisa, imezimuliwa tu, kama chai iliyoongezwa maji. Basi mtu huongeza kijiko, anaongeza tena, na wanga anaoupata njiani ni mwingi kuliko anaouhitaji. Protini ya kutosha, kinyume chake, huamsha homoni za shibe utumbonini na kuituliza ghrelini, ile inayopiga kengele ya njaa. Ndiyo maana anayekunywa chai na mkate asubuhi huwa anatazama saa kabla ya saa nne, na aliyekula yai au maharagwe juu ya mkate huo huo hufika mchana bila kulalamika. Tunapoona shinikizo la damu na kisukari vikiongezeka kwa watu wazima katika nyumba ile ile yenye mtoto aliyedumaa, tusidhani ni miujiza. Sahani inaweza kuwa moja.

Na mtoto ambaye amekwenda mbali zaidi hupata kwashakoo. Daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa huu mwaka 1933 akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na alilichukua jina kutoka kwa Waga wa pwani ya huko, waliouita ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani mdogo wake anapozaliwa. Miguu inavimba, nywele zinakuwa nyepesi na nyekundu, ngozi inabanduka. Lakini mama hutambua kwanza kitu kingine: mtoto amekuwa mnyonge, hachezi, analia ukimgusa, na hataki chakula. Leo wataalamu hawasemi tena kwamba protini peke yake ndiyo chanzo. Maambukizi, kuharisha kwa mara kwa mara na ukosefu wa virutubisho vingine vimo. Jambo moja halijabadilika: hamu ya kula ni dalili inayochukuliwa kwa uzito. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akifikishwa kituoni, hupewa kwanza pakiti ya chakula cha tiba kilichotengenezwa kwa njugu na maziwa, na muuguzi huangalia kama anakila. Akikila, na hana ugonjwa mwingine mbaya, anaweza kutibiwa akiwa nyumbani. Akikikataa, hulazwa.

Mbegu ya mwaka 1964

Hapa Kitale tuna historia ambayo wengi wetu tunaijua nusu. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mwaka 1956, na mwaka 1964 mahindi chotara ya H611 yalitoka kwenye kituo cha utafiti cha Kitale, kwa kuchanganya mbegu ya hapa na nyingine kutoka Ecuador. Yalibadilisha maisha ya mashamba haya. Kilichotafutwa kilikuwa magunia kwa ekari, na magunia yalipatikana.

Mwaka huo huo wa 1964, huko Marekani, Edwin Mertz na wenzake walitangaza kwamba wamepata aina ya mahindi yenye laisini na triptofani karibu maradufu. Punje zake zilikuwa laini, zikiliwa sana na wadudu, na mavuno hafifu. Ilichukua miaka mingi ya kazi ya Evangelina Villegas na Surinder Vasal, nchini Mexico, kuzifanya punje hizo ziwe ngumu kama za mahindi ya kawaida. Walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Mahindi ya aina hiyo, yenye protini bora, yamefika Kenya pia, lakini mashambani kwetu bado ni machache. Kwa macho hayatofautiani na mengine, sokoni hayana bei ya juu zaidi, na yakipandwa karibu na mahindi ya jirani, chavua ya jirani huyaharibia ubora. Mkulima anayetaka kuyajaribu aulize kwa afisa wa kilimo wa wadi kabla ya msimu, si baada ya kupanda.

Wakati tukiyangoja, dawa iko kwenye mistari kati ya mahindi. Maharagwe yanayopandwa pamoja na mahindi mwezi Machi au Aprili huwa tayari karibu Julai, wakati stoo nyingi ziko tupu na mahindi ya H614 bado yana miezi. Mwaka baada ya mwaka tunayavuna, tunayapakia, na kuyauza karibu yote kulipa karo na kununua mbolea. Mayai nayo yanakwenda soko la Chwele na kurudi yakiwa sukari. Hatumlaumu mtu, karo ni karo. Lakini gorogoro mbili zilizobaki nyumbani zina thamani ambayo dalali hawezi kuilipa.

Jikoni

Watafiti wa Guatemala waliopima michanganyiko mingi waligundua kwamba mahindi sehemu saba na maharagwe sehemu tatu, kwa uzito kabla ya kupikwa, hutoa protini bora kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Vikombe saba kwa vitatu. Githeri nyingi za mashuleni ni mahindi tisa na harage moja linaloogelea, na wazazi walio kwenye bodi za shule wana haki ya kuchungulia sufuria.

Kwa uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, tia kijiko kimoja cha unga wa njugu au soya kwa kila vijiko vinne vya unga wa mahindi au wimbi. Soya lazima ichemshwe au ikaangwe kabla ya kusagwa, kwa sababu ikiwa mbichi huzuia protini isimeng'enywe. Njugu ziwe zimesagwa, zisiwe nzima, mtoto asije akapaliwa, na zenye ukungu zitupwe. Msiwape hata kuku. Omena waliokaushwa vizuri na kutwangwa hutiwa kwenye mboga au uji bila mtoto kulalamika sana. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, msiwaachie watoto wa jirani peke yao. Maziwa ya mama yaendelee hadi miaka miwili au zaidi, hata kama mimba nyingine imeingia.

Unga wa posho mill uliosagwa na kiini chake ni bora kuliko ule mweupe uliokobolewa, kwa kuwa laisini na triptofani nyingi ya mahindi iko kwenye kiini, na kiini ndicho kinachobaki kiwandani kuwa chakula cha mifugo. Ng'ombe wetu wamekula vizuri kwa miaka mingi.

Protini za unga kwenye mikebe zinazouzwa madukani kwa bei ya mbuzi hazihitajiki kwa mtu anayepata maharagwe, maziwa na yai. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini yoyote kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Na yule mtoto anayesukuma sahani asingojwe. Mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chako ana mkanda wa kupima mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Rangi ya kijani, sentimita 12.5 na zaidi, ni salama. Njano, kati ya 11.5 na 12.5, ni wakati wa kuanza kufuatiliwa kliniki. Nyekundu, chini ya 11.5, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vilevile, bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde tatu: shimo likibaki, usisubiri mkanda.